Tiketi yangu "imeshatumika", nimesafiri mpaka majanini

Nyota ngapi niwape hili shirika la ndege, sijui. Nimeweka moja nikafuta, nikaweka nne nikafuta tena.

Ilikuwa masika haya haya, asubuhi, natoka Moshi kwenda Dar kwenye sendofu ya mtoto wa dada yangu. Nina boksi la maparachichi na ndizi mshare za mtori. Wakapima, wakanitoza kilo za ziada, nikalipa bila neno. Ndege ikashika mwendo. Tuko kwenye ile kasi ya kukubana mgongo kitini, mara puu! upande wa kushoto, kama tairi la lori limepasuka. Halafu breki. Breki zile si mchezo! Baba wa kiti cha pili alinishika mkono na wala hatujuani. Lami ikaisha, tukaingia majanini, kimya. Hakuna aliyevunjika hata ukucha.

Hapo sina lawama kabisa. Kaka yake bibi harusi ni fundi wa ndege, ndiye alinieleza kwamba kila kabla ya kuruka marubani hupiga hesabu ya mwendo wanaouita V1, kwa kuangalia uzito, urefu wa njia ya kurukia na kama imelowa. Kabla ya kuufikia, unaweza kughairi. Ukishaupita unaruka hata kwa injini moja, maana njia iliyobaki haitoshi kusimama. Ila kuna siku hesabu hiyo inawekwa pembeni: mwaka 2017 kule Michigan, Marekani, rubani wa ndege aina ya MD-83 yenye watu 116 alighairi akiwa ameshapita V1, kwa sababu alivuta usukani na pua ikagoma kuinuka. Kumbe upepo ulikuwa umeharibu kibapa cha mkiani ndege ikiwa imeegeshwa. Ikapitiliza njia, wote wakatoka hai, na wachunguzi wakasema aliamua sawasawa. Halafu ndege majanini kwetu huku si mgeni, si mnakumbuka 2013, Boeing 767 ya Ethiopia iliyotakiwa kutua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ikatua kimakosa uwanja mdogo wa Kisongo, Arusha, ikaishia majanini? Kwa hiyo rubani wetu, Mungu amzidishie, nyota tano.

Sasa njooni kaunta.

Foleni karibu saa nzima, hata maji ya kunywa hatukupewa. Binti hata macho hainui. "Mama, tiketi yako imeshatumika." Imetumika vipi? "Mfumo unaonyesha umesafiri." Mwanangu, nimesafiri mpaka wapi? "Ndivyo mfumo unavyoonyesha, mama. Ukitaka ya jioni unalipia mabadiliko." Na mzigo? "Mzigo unalipiwa upya, hii ni safari mpya."

Safari mpya! Nauli ya Dar nimelipa kamili, nimefikishwa kwenye nyasi, halafu naambiwa nimeshasafiri! Nilipandisha sauti, nakiri, na nilimwita jina ambalo mama mtu mzima hapaswi kumwita mtoto wa mwenzie. Meneja? Yuko kikaoni. Nikadai fomu ya malalamiko, akaijaza mwenyewe: "Ndege kuchelewa." Kuchelewa! Na ndege yenyewe inaonekana dirishani nyuma ya kichwa chake, magurudumu yamezama kwenye tope!

Baadaye nikamwonea huruma kidogo. Labda hata yeye ameelekezwa kusema hivyo, na abiria wote tulikuwa tunamfokea yeye peke yake. Kisha nikakumbuka lile neno "safari mpya", huruma ikayeyuka.

Nikapanda basi. Nimefika ukumbini wanakunja viti, dada ananiangalia tu.

Basi nikasema niweke nyota tatu, kwa heshima ya rubani, maana bila yeye pengine nisingekuwa hapa kulalamika. Nikiwa naandika, boksi langu ndio linaletwa, siku ya tatu. Maparachichi yamekuwa uji, ndizi nyeusi tii. Na juu wamebandika karatasi: kilo za ziada, safari ya pili, mteja anadaiwa.

Moja. Na hiyo moja ni ya rubani.