Keychange: mpango unaokumbuka na walio nyuma ya jukwaa

PRS Foundation, mfuko wa Uingereza unaofadhili wanamuziki, ndiyo iliyouanzisha mpango wa Keychange kwa ajili ya wanawake na jinsia nyingine zilizoachwa nyuma kwenye muziki. Uzuri wake, hauchukui wasanii peke yao: mameneja, mapromota na watu wa lebo za muziki nao wamo, na hao ndio huamua nani apande jukwaani. Ahadi ya matamasha kufikia usawa wa kijinsia, nusu kwa nusu, ifikapo 2022 ilikuwa ya hiari tu; hapo ndipo penye ulegevu.

Ukichaguliwa kwenye mpango, usimfuate mshauri wako mikono mitupu. Peleka mkataba wenyewe, namba ya ISRC (utambulisho wa kimataifa) ya kila rekodi, na karatasi ya mgawanyo, inayoonyesha nani ana asilimia ngapi ya wimbo, iliyosainiwa na prodyuza pia. Asilimia zikizidi 100 (hutokea mno!), mirabaha (malipo ya matumizi ya wimbo) hukwama, na kikao kizima kitaishia kwenye hesabu.