Semina ya ushuhuda Dodoma: siku mbili nzuri, ya tatu inapwaya

Semina hii ya siku tatu ya kujifunza kushuhudia imani, inayozungushwa na wainjilisti kwenye makanisa ya Dodoma mjini na vijiji vya jirani, haikutungwa kwa ajili ya walionyooka. Wanaolengwa ni mwimbaji wa kwaya anayejulikana mtaa mzima kwa madeni, baba aliyerudia pombe, karani anayeitwa mlokole kwa kejeli. Mchango ni shilingi 10,000, chai na ugali wa mchana vikiwemo.

Siku ya kwanza hakuna anayeshuhudia. Kila mmoja anagawa ukurasa wa daftari safu tatu: niliyemkosea, nilichomkosea, kinachoweza kurudishwa. Wanaanzia Mathayo 5:23-24, sadaka iachwe kwanza ukapatane na ndugu yako, kisha Zakayo mtoza ushuru wa Luka 19, ambaye hakuishia kusema amebadilika bali alitaja kiwango cha kuwarudishia aliowadhulumu: mara nne. Mkufunzi naye anang'ang'ania kiwango na tarehe. "Nitalipa Mungu akijalia" inakatwa. "Elfu ishirini kila tarehe tano mpaka laki na ishirini iishe" inapita. Muuza karanga anaambiwa alete kopo lake la kupimia. Likiwa limebonyezwa kitako kwa ndani, linagongwa palepale mpaka linyooke, ndipo afundishwe cha kuwaambia wateja. Mpangilio huu una sababu: mwenye deni akitanguliza ushuhuda, aliyemkopesha anausikia kama janja ya kuomba asidaiwe.

Siku ya pili ndiyo inayolipa nauli. Ushuhuda unaandikwa wa dakika tatu: nusu dakika ya hali ilivyokuwa, dakika moja ya Kristo alivyomkuta mtu, dakika moja na nusu ya maisha ya sasa, na humo lazima iwemo walau sentensi moja yenye "bado". Kwa mfano: "Bado nina hasira, juzi nilimfokea mwanangu, jioni nikamwomba radhi." Bila sentensi hiyo jirani anayekujua anacheka moyoni na hasikii kingine.

Wengi hukosea vipimo. Ulevi unapewa dakika mbili, baa kwa baa, Kristo anabakiziwa sekunde kumi, na msikilizaji anaondoka na majina ya baa. Wengine hujificha kwenye maneno ya ibada, "nimeoshwa", "niko chini ya damu", ambayo hayamwambii kitu asiyesali nao. Baya zaidi ni kuungama dhambi ya watu wawili: uzinzi una mwenzio, na mwenzio hajakutuma. Kanuni yao hapa ni ya kuigwa: aliyekosewa asikie kwanza, faragha, hadharani utaje lako tu, bila jina wala mtaa. Aliyechota fedha za kikoba anawaambia viongozi wa kikundi na vitabu vinakaguliwa kabla hajagusa kipaza sauti. Aliyemdhuru mtoto hapewi kipaza sauti kabisa. Hiyo ni kesi ya polisi.

Zoezi la jioni ni la maswali magumu. "Kama umeokoka, mbona jana ulitukana?" Jibu linalokubalika ni fupi: "Ni kweli nilitukana. Nimekwenda kumwomba msamaha." Halafu kimya. "Shetani alinipitia" inakataliwa, na "hakuna mkamilifu" pia. Hilo la pili ni sawa likisemwa na aliyekosewa. Mkosaji hana haki ya kujisemea hilo.

Historia wanaipitia mbiombio, na hapo wanapoteza. Kutubu hadharani kulienezwa sana na uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na Festo Kivengere, mmoja wa sauti zake kubwa, alifundisha shule hapa Dodoma miaka mingi kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi, Uganda, mwaka 1972. Hata nusu saa ingetosha, hasa kueleza jinsi toba ilivyoweza kugeuka fimbo ya kuwapigia walioungama kidogo.

Siku ya tatu inapwaya. Watu wanapelekwa soko la Majengo wawili wawili, wamekariri, wanamshika muuza nyanya huku wateja wakisubiri. Asubuhi hiyohiyo wamesoma Marko 5:19, ambapo aliyeponywa anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake! Mtu asiye mkamilifu anafaa kushuhudia pale kasoro zake zinapojulikana na marekebisho yake yanaonekana; sokoni kwa wageni anaweza kuigiza tu. Ila ushauri kwa makarani wa Mji wa Serikali, Mtumba, ni sahihi: usimshuhudie mwananchi aliye dirishani kwako, maana hana uhuru wa kuondoka. Mpe huduma yake kwa wakati, bila "njoo kesho". Akiuliza mwenyewe siku nyingine, 1 Petro 3:15 inataka ajibiwe kwa upole.

Wanaotaka kuialika wakubaliane mapema kwamba siku ya tatu ifanyike majumbani, kila mtu kwake. Watu wasizidi ishirini, la sivyo kusikilizana dakika tatu tatu na kurekebishana kunakula mchana wote. Wanandoa waje pamoja lakini siku ya pili wakae vikundi tofauti. Na vijijini msipange Januari wala Februari, watu wako kwenye palizi. Baada ya mavuno, kuanzia Julai, viti vinajaa.