Uzoefu wangu: Ayalandi kwa wakala wa safari za kifahari

Nianze na hukumu. Ukiwa na pesa ya kutanua Ayalandi, mtafute dereva mzuri kwanza, kasri baadaye.

Tulikuwa watatu, mimi, mume wangu na mama mkwe, tumetoka Mombasa. Safari yote tulimkabidhi wakala mmoja wa Dublin anayepangia watu binafsi: gari, hoteli, tiketi, mpaka meza ya chakula cha jioni. Kabla hajatuma chochote aliuliza maswali ya maana. Nani ana shida ya ngazi? Mnakula nini, hamli nini? Hapo nikampa alama zote. Kisha ikaja ratiba ya kwanza, na ndani yake siku nzima ya Giant's Causeway.

Zile nguzo za mawe ya basalti zipatazo 40,000 ziko Ayalandi ya Kaskazini, na huko ni Uingereza. Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, viza ya Ayalandi haikuvushi. Utahitaji viza ya Uingereza, na ili urudi kusini ile ya Ayalandi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, ambayo ni euro 100 badala ya 60. Barabarani hakuna geti wala askari. Utajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapoacha kilomita na kuanza maili. Wakala aliyezoea wateja wa Kimarekani, wasiohangaika na viza, hilo halimjii kichwani. Nilipomwandikia aliomba radhi siku hiyo hiyo akabadilisha, lakini kazi ya kuligundua nilikuwa nimeifanya mimi, na mlipaji ni mimi. Na viza yako ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, usiitegemee, Ayalandi haimo.

Badala yake akatuweka Newgrange, na sasa naona afadhali. Ni kaburi la kale kaskazini mwa Dublin, limejengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani kabla ya mapiramidi ya Giza. Hapa ukwasi haukusaidii: kila mtu anapitia kituo cha wageni, anapanda basi lile lile, anaingia na kikundi. Alichofanya wakala ni kukata tiketi mapema, maana wakati wa kiangazi tiketi huisha. Njia ya ndani ina urefu wa mita 19, mawe yanakubana mabega, mama mkwe akaenda ameinama huku akisoma dua zake. Kule chumbani mwongozaji akazima taa. Ukawa weusi wa kutoona kiganja chako. Halafu akawasha taa moja ya kuigiza jua la Desemba, mstari mwembamba wa manjano ukatambaa sakafuni ukaja kutukuta miguuni. Jua lenyewe huingia hivyo kwa dakika chache asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, na nafasi za kulishuhudia hutolewa kwa bahati nasibu.

Ashford Castle, kasri lililogeuzwa hoteli kijijini Cong, kaunti ya Mayo, ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya bajeti. Chimbuko lake ni mwaka 1228, na mwaka 1852 ikanunuliwa na familia ya Guinness, wale wale wa bia. Kiangazi chumba kinaweza kupita euro 1,000 kwa usiku. Kitanda ni kitanda. Nilichokifurahia ni matembezi na mwewe: unavaa glavu ya ngozi, mwalimu anaweka kipande cha nyama mbichi, ndege anashuka kutoka kwenye mti bila sauti yoyote, unashtukia kucha zimeshakamata. Ni mwepesi kuliko anavyoonekana. Mama mkwe alikataa katakata, akasimama pembeni: "Si huyu huyu anayetumalizia vifaranga?" Baada ya muda kidogo akataka glavu, na kumpokonya ikawa kazi.

Kuhusu chakula, wakala alishaarifu kila hoteli. Kasrini hawakukosea hata mara moja. Samaki, kome na samoni wa huko ni wa kusifiwa. Kwenye hoteli ndogo moja, jina nalihifadhi, sahani ya asubuhi ililetwa na kila kitu chake. Kile kipande cheusi cha mviringo kando ya mayai ni damu ya nguruwe, mjue. Halali ipo ukiulizia. Dereva alitupeleka Ballyhaunis, mji mdogo humo humo Mayo, wenye kiwanda cha nyama halali na msikiti uliojengwa mwaka 1987. Wakala hakuwa na habari nao. Na Juni mjipange kwa swala: Magharibi inaingia baada ya saa nne usiku, Alfajiri hiyo hapo inabisha hodi.

Sasa huyo dereva. Mzee wa Kerry, mcheshi, mwenye kujua saa ya kuondoka kuliko ratiba iliyochapishwa. Mabasi makubwa ya watalii huzunguka Ring of Kerry, ile barabara ya mzunguko ya huko kwao, kinyume cha saa, yakifuatana, kwa hiyo yeye alitutoa Killarney kabla hayajaamka. Watasema kule wanaendesha kushoto kama kwetu, mkodishe gari wenyewe. Kushoto sawa, ila zile njia za Connemara zenye ukuta wa mawe huku na huku, ukikutana na trekta, mmoja wenu arudi kinyumenyume mpaka penye upana, na kwa kawaida trekta halirudi.

Skellig Michael, kile kisiwa cha mwamba cha watawa wa kale chenye ngazi 618, wakala alituambia mapema tusiiwekee moyo, kwani bahari ikichafuka boti hazitoki. Hazikutoka. Mama mkwe hakusikitika hata kidogo. Dereva akatuvusha hadi kisiwa cha Valentia, ambako mwaka 1858 waya wa kwanza wa simu ya maandishi kuvuka Atlantiki ulifikishwa pwani, tukanywa chai ya maziwa, nzito kama ya nyumbani, huku mvua ikipiga dirisha. Pesa ya boti ilirudishwa yote.

Nyota nne kwa wakala. Ya tano imebaki Giant's Causeway. Dereva nampa zote tano, na siku nikirudi nitamwomba yeye kwanza, kasri nitakaa usiku mmoja tu.