Kadi hii ya picha huwaka mara moja tu

Niliikabidhi kadi hii moja kwa moja kwa mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) yenye Windows, juu ya Linux. Ilipowashwa mara ya kwanza, sina la kulalamika. Mashine pepe iliwaka, draiva ikaitambua kadi, picha zikawa laini kuliko nilivyotarajia. Ningeisifu siku hiyohiyo. Kisha mashine pepe ikazimwa na kuwashwa tena: skrini nyeusi. Kerneli ya Linux inasema kadi imekwama D3, yaani hali ya usingizi, na libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, inalalamikia hedha (utambulisho wa kifaa cha PCI) ya aina ya 127. Hakuna aina kama hiyo! Kadi imenyamaza tu, kila baiti inasomeka ff (255), na ukiondoa biti ya juu inabaki 127.

Mwenye kosa ni kadi, si Linux. Mashine pepe ikizimwa, kadi inapaswa kurudi ilivyokuwa kabla draiva haijaigusa. Njia safi ni FLR (Function Level Reset), inayoriseti kifaa kimoja bila kusumbua majirani. Endesha lspci -vv kama root (bila root sehemu hiyo imefichwa) utafute FLReset kwenye DevCap, orodha ya uwezo wa kifaa. Kwangu ni FLReset-, yaani haipo. Kitu cha msingi namna hii, na waliotengeneza kadi wamekiruka!

Bila FLR, zinabaki riseti ya umeme, yaani kuilaza kadi (D3hot) kisha kuiamsha (D0), ambayo haina maana ukiona NoSoftRst+ (kuamka hakuiriseti), na riseti ya basi, njia ya PCI inayounganisha vifaa. Hii ya basi hugusa kila kilicho nyuma ya daraja moja, kwa hiyo sehemu ya sauti ya kadi, .1, ifungwe kwa vfio-pci (draiva inayoikabidhi kadi kwa mashine pepe) pamoja na ile ya picha, .0. Zote zilifungwa. Basi likariseti, kadi ikabaki vilevile, programu yake ya ndani imeganda palepale draiva ilipoiacha.

Kuandika 1 kwenye faili ya kerneli ya remove (huondoa kifaa) kisha kwenye rescan (hukitafuta upya) hakukusaidia, maana umeme haukatiki. Kilichoiamsha ni kuondoa .0 na .1, kulaza kompyuta nzima kwa rtcwake -m mem -s 10, ndipo rescan. Yaani mashine pepe zote zisimame kwa sababu ya kadi moja. Inaudhi mno.

Nakiri, ukiilemaza kadi ndani ya Windows kabla ya kuzima, mara nyingi inaamka vizuri. Kwa mashine pepe isiyozimwa hovyo, labda inafaa. Lakini Windows ikiganda ukalazimika kutumia virsh destroy, inayoizima mashine pepe kwa nguvu, nani atailemaza? Hapana, siipendekezi, hata kwa mashine isiyozimwa hovyo.

Na FLReset+ nayo isikulevye. Zipo kadi zinazoitangaza, halafu dmesg, kumbukumbu ya kerneli, inahesabu hadi "not ready 65535ms after FLR; giving up". Ijaribu ungali unaweza kuirudisha dukani: washa, zima, washa, kisha virsh destroy katikati ya kazi nzito, na uwashe tena.