Kamera ya fremu kamili ya miaka iliyopita: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Picha iliyopigwa kwa kamera isiyo na kioo (mirrorless) ya mwaka 2018, ikachapwa ukubwa wa A3 na kuwekwa kando ya ile ya kamera mpya, haina anayeweza kuitambua kwa macho. Kilichosonga mbele tangu wakati huo ni fokasi inayofuata jicho la mtu anayekimbia, video, na kasi ya kupiga mfululizo. Kama kazi yako ni picha za watu waliotulia, sherehe, bidhaa, majengo au mandhari, kamera ya fremu kamili iliyotumika bado ni mali. Kama unarekodi zaidi video, au unapiga michezo kila wiki, weka fedha yako kwingine.

Faida yenyewe inapimika. Sensa ya fremu kamili, yaani kibapa kinachopokea mwanga, ina milimita 36 kwa 24, eneo ambalo ni zaidi ya mara mbili ya APS-C, sensa ndogo ya kamera nyingi za kawaida. Hapo unapata stopu moja na kidogo ya mwanga (stopu moja ni mwanga mara mbili): chenga, yaani punjepunje za picha, unazoziona kwenye APS-C ukiwa na unyeti wa ISO 3200, kwenye fremu kamili ya kizazi kile kile utaziona ukishafika ISO 6400 na kupita kidogo. Ukumbini usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uso wa mtu utabaki na rangi yake au utageuka tope. Lakini mwenye APS-C nzuri anayepiga mchana, juani, asitarajie muujiza.

Mpaka tunaouweka ni 2018. Kamera nyingi za Sony za kabla ya hapo zilitumia betri ndogo ya NP-FW50, na A7 II ilipimwa kutoa picha 350 hivi kwa chaji moja. A7 III ya 2018 ilikuja na NP-FZ100 na kipimo kikapanda hadi 710. Mwaka huo huo Nikon na Canon waliingia na mifumo yao mipya. Vya kabla ya hapo vinanunulika, ila kwa masharti.

Ya kwanza: Sony A7 III

Megapikseli 24, vituo 693 vya fokasi vilivyotapakaa karibu fremu nzima, picha 10 kwa sekunde, sensa inayotulizwa dhidi ya mtikisiko, na nafasi mbili za kadi za SD. Anayepiga harusi aithamini sana hiyo nafasi ya pili, maana kadi ikifa mchana wa sherehe, picha zipo kwenye ya pili. Tunaiweka juu hasa kwa sababu ya lenzi. Sony iliwafungulia watengenezaji wengine mdomo wake wa E, yaani sehemu ya kufungia lenzi, kwa hiyo Tamron na Sigma wana lenzi nyingi nzuri za mfumo huu, na zilizotumika hupatikana bila kuhangaika. Tamron 28-75mm f/2.8 peke yake inatosha kazi nyingi.

Udhaifu wake mkubwa ni shata, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga mbele ya sensa. Ilitangazwa kuwa imejaribiwa hadi mipigo 200,000, lakini wapo wamiliki wengi waliolalamika kwamba ilikwama mapema zaidi. Ikifa, kamera hutoa ujumbe wa hitilafu, inakuomba uizime na kuiwasha, na haiponi. Kubadilisha shata ni gharama nzito, basi ipime kama tulivyoeleza chini. Pia hakikisha programu ya ndani ni toleo la 3.0 au la baadaye. Hilo la 2019 ndilo lililoleta ufuataji mzuri wa jicho la mtu na la mnyama. Likikosekana, kulisasisha hakugharimu kitu.

Ya pili: Nikon Z6, au Z5

Kwa mkono na kwa jicho, Z6 inaipita A7 III. Mshiko wake ni wa kina, kidole kidogo hakining'inii hewani, na kitazamio chake kina nukta milioni 3.69 dhidi ya milioni 2.36 za Sony. Kinachoishusha ni nafasi moja tu ya kadi, tena ya XQD, aina tofauti na SD. Programu ya ndani ya 2.20 iliiwezesha kupokea pia kadi za CFexpress aina ya B, ila kadi hizo na kisomeo chake ni ghali. Viingize kwenye hesabu kabla hujasema Z6 ni rahisi. Kuna tahadhari nyingine: mwaka 2019 Nikon ilitangaza kurekebisha bure kituliza mtikisiko cha baadhi ya Z6 na Z7 za mwanzo, hivyo linganisha namba ya mashine na tangazo lao.

Z5 ya 2020 ina nafasi mbili za SD na kituliza mtikisiko, lakini hupiga picha 4.5 tu kwa sekunde na video yake ya 4K hukata fremu mara 1.7, yaani hutumia sehemu ya katikati ya sensa tu na picha huwa finyu. Kwa mtu wa picha za kutulia, Z5 ndiyo tungempa.

Mwenye lenzi za zamani za Nikon azitazame vizuri. Adapta ya FTZ, inayofungia lenzi hizo kwenye Z, haina mota ya kuzungushia lenzi za AF-D, zisizo na mota yao, kwa hiyo zote hizo utazifokasi kwa mkono. Za AF-S, zenye mota ndani, hazina shida.

Ya tatu: Canon EOS RP na EOS R

Hizi ni za mtu mwenye lenzi za EF, zile za Canon zenye kioo, kabatini. Kwa adapta ya Canon yenyewe, lenzi hizo hufanya kazi kana kwamba zilizaliwa na kamera. RP ya 2019 ina gramu 485 tu pamoja na betri na kadi, inafaa safari, lakini betri yake ya LP-E17 hupimwa picha 250, na ukiangaza vivuli vya picha iliyopigwa gizagiza, chenga huja haraka. EOS R ina megapikseli 30 na jambo moja dogo tunalolipenda sana: ukiizima, shata hujifunga mbele ya sensa, vumbi lisiingie unapobadili lenzi. Ila usiliguse pazia hilo, ni jepesi. Zote mbili hazina kituliza mtikisiko ndani, na 4K yao hukata fremu vibaya. Lenzi za RF, mdomo wa kamera hizi mpya za Canon, za fremu kamili zenye fokasi ya kujiendesha kutoka kwa watengenezaji wengine ni adimu, kwa hiyo asiye na lenzi za EF aanze na mbili za juu.

Ya nne: Sony A7 II, kwa masharti

Ya 2014, na ndiyo ya kwanza ya fremu kamili isiyo na kioo kuwa na kituliza mtikisiko cha mihimili mitano ndani. Kwa lenzi kongwe za kufokasi kwa mkono ni nzuri mno: unaingiza urefu wa lenzi kwenye menyu, 50mm kwa mfano, na hata lenzi ya miaka ya 1970 inatulizwa. Haina 4K, fokasi yake husitasita penye mwanga hafifu, na utahitaji betri tatu.

A7 na A7R za 2013 ziache. A7R inafaa kuelezwa kwa nini, maana megapikseli 36 huwavuta watu. Haina pazia la kwanza la kielektroniki, yaani sensa haiwezi kuanza picha yenyewe bila shata kusogea kwanza, kwa hiyo kila picha shata hujifunga kwanza, hufunguka, kisha hujifunga tena, na kishindo chake hutikisa kamera. Kwenye kasi za katikati, hasa kwa lenzi ndefu, picha hulegea hata juu ya miguu mitatu. Megapikseli zote hizo zinapotea.

Namna ya kuikagua

Nenda na kadi yako, betri iliyojaa na lenzi unayoijua. Tenga dakika 20.

Anza mdomo wa kamera. Funga lenzi, ishike, itikise juu na chini. Kuzunguka kidogo, kama unene wa unywele, ni kawaida, lakini ikicheza mbele na nyuma, mdomo umelegea. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechunika, kamera imeshafunguliwa.

Kisha shata. Zima shata ya kielektroniki, weka kasi ya 1/4000 ya sekunde, elekeza ukuta mweupe wenye mwanga, piga mfululizo picha 30. Zipitie moja moja. Ukanda mweusi pembeni mwa fremu, hata kwenye picha mbili tu kati ya 30, ni dalili kwamba pazia moja linachelewa. Usinunue. Idadi ya mipigo ya Nikon husomwa ndani ya faili ya picha kwa programu ya ExifTool, na ya Sony ndani ya faili ghafi (RAW). EOS R na RP haziiandiki ndani ya picha.

Sensa nayo: tundu la lenzi f/16, ISO 100, ukuta mweupe, lenzi ikiwa nje ya fokasi. Madoa laini ya kijivu ni vumbi, husafishika. Mstari mwembamba wenye kingo kali ni mkwaruzo. Mistari ya rangi au kundi la nukta zisizohama mara nyingi ni alama ya miale ya leza za ukumbini, na hiyo haitibiki bila kubadilisha sensa. Baadaye funika lenzi, piga sekunde 5 kwa ISO 1600. Nukta chache zinazong'aa zisikutishe.

Kituliza mtikisiko kipime kwa 50mm, kasi 1/10, picha kumi kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa. Kama huoni tofauti, kimekufa. Sony ikizimwa na kutikiswa, sensa husikika ikigonga ndani, na wengi hukimbia hapo bure. Ni kawaida yake.

Fungua menyu ya lugha. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee, na ni vigumu kumuuzia mtu mwingine baadaye.

Hesabu ya mwisho ni ya lenzi. Kamera ikimeza zaidi ya nusu ya fedha yako yote, shuka daraja moja. A7 II yenye 50mm nzuri ya f/1.8 itakupa picha bora kuliko A7 III iliyofungwa lenzi ya 28-70mm ya f/3.5-5.6 inayouzwa nayo, na lenzi hiyo ya 50mm utahama nayo siku utakapobadilisha kamera.