Uzoefu wangu: kozi ya Vipassana ya siku kumi kwa mtu aliyeacha pombe

Nianze na bei, maana ndiko watu wanakoanzia kuniuliza: ni bure. Siku kumi za kulala, kula na kufundishwa, na hakuna anayekutajia hata senti. Siku za mwisho kunakuwa na meza ya michango. Anayetaka anatoa, asiyetaka anabeba begi lake anaondoka. Tena hawapokei mchango wa mtu ambaye hajamaliza walau kozi moja. Wapishi, wasafishaji, hata walimu wasaidizi, wote wamewahi kukaa kozi na sasa wanajitolea. Mimi gharama yangu ilikuwa nauli ya treni na siku za likizo nilizoomba kazini. Nasisitiza hili kwa sababu ukitafuta mtandaoni mafungo ya watu wanaotaka kuacha ulevi, utakutana kwanza na hoteli za ufukweni zenye yoga, juisi za kijani na bei ya kununulia kiwanja Kibaha. Hizo sizizungumzii.

Ninayoizungumzia ni kozi ya Vipassana, yaani meditesheni ya kukaa kimya, ile iliyosambazwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924. Vituo vyake vimetapakaa duniani. Mimi nilikaa kimoja cha huku Uingereza ninakofanya kazi ya kea, yaani kuhudumia watu wasiojiweza.

Mimi ni mtu wa Moshi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nimeijua kabla sijajua kusoma, na kwetu ilikuwa na watu wake na wakati wake. Tatizo lilinikuta huku, kwenye zamu za usiku. Unatoka kazini saa moja asubuhi, unafika chumbani saa mbili, majirani ndiyo wanatoka kwenda kazini, wewe unafunga mapazia na unataka kitu cha kukulaza. Changu kilikuwa vodka kwenye kikombe cha chai. Sina haja ya kusimulia zaidi. Aliyepita njia hiyo anajua iliyobaki.

Kabla ya meditesheni, jambo hili lieleweke: pombe sikuiachia kule. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kushikwa na kifafa, na ndani ya siku mbili tatu akaanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, homa juu, moyo unakwenda mbio. Watu wanakufa kwa hali hiyo. Mimi nilitolewa pombe na wataalamu wa huduma za uraibu: vidonge vya kutuliza vya chlordiazepoxide vinavyopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1, na nesi wa kupima presha na kuniambia ninyooshe mikono aone inavyotetemeka. Kozi nilikwenda baadaye kabisa, mwili ukiwa umetulia. Fomu ya maombi inauliza waziwazi kuhusu pombe, dawa za kulevya, dawa za hospitali na afya ya akili. Nilijaza kila kitu kama kilivyo, wakanirudia na maswali, ndipo nikapata nafasi.

Mama yangu nilipomwambia kwa simu aliguna kwanza. Kisha: “Sasa huko, mwanangu, mnamwabudu nani?” Nikamjibu kwamba ukumbi hauna sanamu, ubani wala picha, na ni kweli hauna. Lakini ninyi nisiwafiche kitu. Jioni ya kwanza mnaombwa kurudia maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, ya kujikabidhi kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa watakatifu waliomfuata, na kila siku utasikia rekodi za Goenka akighani kwa lugha hiyo hiyo. Wenyewe wanasema hii ni mbinu, siyo dini. Mimi naona ni mbinu iliyotoka kwenye dini na bado ina harufu ya kwao. Kubwa zaidi, kwa siku hizo wanakutaka usimamishe ibada nyingine zote: rozari, kufunga, dhikri, sala zako za kila siku. Mimi Mlutheri niliona Mungu anaweza kunivumilia siku kumi nikiwa kimya. Rafiki yangu wa Tanga, mshika swala tano, aliposikia sharti hilo alifunga mjadala palepale, na ninamwelewa. Mwislamu anayetaka kwenda aulize kwanza kabla hajajaza fomu. Mama naye alimaliza kwa kusema, “Haya, ilimradi hunywi.”

Ratiba ni ya kijeshi. Kengele saa kumi alfajiri, taa zinazimwa saa tatu na nusu usiku, na katikati ni zaidi ya saa kumi za kukaa umefumba macho. Simu inabaki ofisini. Huongei na mwenzako, humwangalii usoni, huandiki, husomi. Wanawake upande wao, wanaume upande wao. Chakula hakina nyama, cha mchana kinaliwa saa tano, na jioni sisi wa mara ya kwanza tulipewa chai na tunda, basi. Njaa ilinisumbua siku za mwanzo tu.

Siku tatu za kwanza kazi ni kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Siku ya nne mchana ndipo Vipassana yenyewe inapofundishwa: unapitisha fahamu mwilini kutoka utosini mpaka vidole vya miguu, unatambua kilichopo, joto, mwasho, ganzi, maumivu, na hukifanyi kitu. Kuanzia hapo vipindi vitatu vya pamoja kila siku vinakuwa vya kutosogea. Saa nzima hufungui macho, huachanishi mikono, hubadilishi miguu.

Cha kwanza kati ya hivyo ni saa mbili mpaka saa tatu asubuhi. Yaani saa yangu ya kikombe.

Sikuwa nawaza pombe hata kidogo. Nilichoona kwanza ni mate yanajaa mdomoni. Kisha chini ya masikio, pale taya zinapoanzia, pakashika joto. Tumbo likajikunja. Kiganja cha kulia kikaanza kuchezacheza pajani, vidole vinajikunja kutafuta mkono wa kikombe ambacho hakipo. Baada ya hapo ndipo akili ikafika na maneno yake: umevumilia vya kutosha, hapa si gerezani, stesheni haiko mbali, na kila stesheni ina duka. Nikaona mpangilio wake. Mwili ulitangulia, maneno yakafuata. Miaka yote nilidhani ni kinyume, kwamba nawaza ndipo natamani, na nilikuwa nikipigana na mawazo.

Nikafanya nilichofundishwa. Nikayaacha maneno yaseme, nikakaa na taya. Joto likapanda mpaka nikadhani nitapiga ukelele katikati ya ukumbi, kisha likalegea. Likaja tena, fupi kidogo. Waliozaa wanajua uchungu unavyopanda na kuachia. Ilikuwa hivyo hivyo. Sauti ya Goenka ilipoanza kughani kuashiria mwisho wa kipindi, kiganja kilikuwa kimetulia na blauzi imeloa jasho, na ukumbi wenyewe ulikuwa wa baridi.

Hicho ndicho nilichokipata kule, sijakipata penginepo. Nesi alikwisha kuniambia kwamba hamu ya pombe haikai, inapita, nami niliitikia kama unavyoitikia taarifa ya habari. Kule nilikaa nayo mpaka ikaondoka bila kupewa chochote. Ilirudi asubuhi zilizofuata, mara nyingine kali, mara nyingine mate tu.

Jioni kuna mawaidha ya video. Goenka alifariki mwaka 2013 lakini bado ndiye anayefundisha, na ni msimuliaji haswa, anajua kuchekesha watu waliochoka. Anasimulia kwamba yeye mwenyewe aliletwa na kipandauso. Madaktari walikuwa wakimchoma mofini, mpaka wakaanza kuogopa kwamba atakuwa mraibu wa mofini yenyewe. Akazunguka Ulaya, Marekani na Japani kutafuta tiba, akakosa. Mwaka 1955 akaenda kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma aliyekuwa pia mwalimu wa meditesheni, na huyo mzee hakufurahi: kama kilichokuleta ni kichwa tu, hapa si mahali pake. Kuhusu uraibu, Goenka anasema mlevi hujidhania amenaswa na pombe, kumbe amenaswa na hisia inayozuka mwilini mwake. Ningeyasikia maneno hayo siku ya kwanza ningesema ni ya wahubiri. Nilivyoyasikia baada ya asubuhi ile, nilikaa wima.

Nikiwa nyumbani nilitafuta kama kuna aliyepima mambo haya, maana jasho langu si ushahidi kwa mtu mwingine. Wapo. Katika gereza moja la Seattle, timu ya Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington ilifuatilia wafungwa waliokaa kozi hii hii, na matokeo yakatoka 2006: miezi mitatu baada ya kuachiwa walikuwa wakitumia pombe, bangi na kokeini kidogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya pale gerezani. Ila walijichagua wenyewe, na mfungwa anayekubali kuamka saa kumi alfajiri akae kimya tayari ana nia. Wataalamu hao wakatengeneza pia programu nyepesi ya wiki nane, ya kukutana kwa kikundi, bila kufungiwa popote. Utafiti wa programu hiyo uliotoka 2014 uliwagawa watu 286 kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na baada ya mwaka mmoja kundi la meditesheni lilikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya kuliko makundi mengine mawili, na uwezekano mdogo wa kulewa kupindukia. Lakini wote 286 walikuwa wamekwisha kumaliza matibabu ya mwanzo. Hakuna aliyetolewa kilabuni leo akakalishwa kwenye mto wa kukalia wa meditesheni kesho.

Sasa yaliyonikera. Usiku wa siku ya sita kilio kilinishika, cha mambo ya zamani niliyokuwa nayazamisha kwenye vodka, na hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Mwalimu msaidizi unamwona kwa dakika chache mchana, na majibu yake ni ya mbinu: angalia hisia, rudi kwenye pumzi. Si mshauri wa uraibu na wala hajidai kuwa. Kwa mtu mwenye majeraha makubwa ya moyo au historia ya ugonjwa wa akili, kimya kirefu hivyo kinaweza kumvuruga zaidi. Fomu ile haiulizi kwa kupenda umbea. Halafu kozi ikiisha, imeisha. Siku ya kumi mnaruhusiwa kuongea, kesho yake asubuhi unaondoka, na huko nje hakuna wa kukupigia simu kuuliza umeamkaje.

Ndiyo maana AA, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, sikuiacha. Chai yao mbaya, na kuna mzee anarudia kisa kile kile kila wiki tangu nimfahamu. Lakini nikikosa kikao, wananitafuta. Kule kwenye mto wa kukalia nilijifunza kuikalia hamu. Kwenye viti vya plastiki vya AA kuna watu wanaojua jina langu. Wanaosema chagua kimoja sijui wanapata faida gani.

Wanashauri ukae saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku. Mtu wa zamu za usiku azitoe wapi? Mimi nakaa nusu saa nikifika nyumbani, kabla sijavua sare, na siku nyingine hata hiyo hainitoshi, nampigia mwenzangu wa AA.

Kuna ndugu kutoka Dar wameniuliza kama wawatafutie vijana wao wa unga, yaani heroini, kozi ya namna hii. Jibu langu ni kliniki kwanza. Muhimbili wanatoa methadone, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga, tangu 2011, na aliye kwenye methadone asiiache ili akakae kimya siku kumi. Aliyekata unga mwili wake unapoteza uzoefu wa kipimo cha zamani. Akiteleza akatumia kile kile alichokizoea, anaweza kuzima asiamke. Arosto imalizwe mikononi mwa wanaoijua, kijana akae kwenye nyumba ya upataji nafuu au na watu wa kumwangalia, na kama baadaye anataka kujifunza kukaa na mwili wake, kozi zipo mwaka mzima.

Kama kozi ya meditesheni naipa nyota nne na nusu, ile nusu imebaki kwenye magoti yangu. Kama tiba ya uraibu ya kujitegemea, nyota mbili.

Kwa wanaokwenda: ombeni nafasi mapema, kozi zinajaa. Mwenye shida ya mgongo au magoti aseme, atapewa kiti, na hakuna atakayemcheka. Msitumie dawa za usingizi kimyakimya, na anayekunywa dawa za hospitali asiziache kwa ajili ya kozi bila daktari wake kujua. Bebeni soksi nzito, shali, nguo pana zisizobana, na saa ya kawaida ya kuamshia, maana simu mtaipata mkiondoka.