Kiwiko Kinachouma: Sindano ya Steroidi au Mazoezi?

Mkuna nazi wa Majengo na kuli wa Kilindini huumwa pahali pamoja: upande wa nje wa kiwiko, kano za kunyanyua kiganja zinaposhika.

Kwa kasi, sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hushinda waziwazi. Katika utafiti wa Australia wa 2006, uliohusisha watu 198, 78% ya waliodungwa walikuwa nafuu baada ya wiki 6. Lakini baadaye maumivu yaliwarudia 72% yao, na mwaka ulipotimia walikuwa nyuma hata ya wale walioachwa wapone wenyewe.

Mazoezi hayana haraka. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inyanyue kwa msaada wa mkono mwingine, kisha ishushe polepole kwa sekunde 4. Fanya mara 15, seti 3, kila siku, wiki 12. Maumivu kidogo si neno; yakibaki hadi kesho yake, punguza maji. Wengi hushindwa kwa sababu huacha mapema.

Gharama? Sindano hulipwa mara moja, ila mwenye kisukari sukari yake hupanda siku kadhaa, na ngozi yaweza kupauka. Chupa ni bure, anayekuelekeza analipwa.

Mwenye harusi ya kupikia wiki ijayo ana sababu ya kudungwa, mradi apumzishe mkono baadaye. Anayekuna nazi kila alfajiri, chupa itamfaa zaidi.